Umbo la ndege ya kivita huigwa, injini yagoma

MWAKA 1944 ndege tatu za Marekani aina ya B-29, zilizokuwa katika mashambulizi dhidi ya Japani, zilitua kwa dharura Vladivostok. Umoja wa Kisovieti ulizizuia, ukafungua moja kipande kwa kipande, na mwaka 1947 ukarusha nakala yake, Tu-4. Hata hivyo, injini za nakala hiyo hazikuigwa. Zilikuwa za wahandisi wa Kisovieti wenyewe.

Nusu karne baadaye, zamu ya kuigwa ilizifikia ndege za Moscow. Katika miaka ya 1990 China ilinunua Su-27, kisha ikapata leseni ya kuunda nyingine 200 mjini Shenyang. Baada ya takriban 100 mpango ulikwama, na ikajitokeza J-11B, pacha wa Su-27 kwa umbo, ikiwa na rada na silaha za Kichina. Moscow ilinung'unika.

Lakini kazi ya kuunda injini ya Kichina ya WS-10, iliyoanza miaka ya 1980, ilisuasua. Ndege za J-10, na hata J-20 za mwanzo, ziliruka kwa injini za Kirusi.

Ugumu umo katika mapanga madogo yanayozungushwa na gesi ndani ya injini. Gesi hiyo ina joto linalozidi kiwango cha kuyeyusha metali ya mapanga yenyewe. Kwa hiyo kila panga humiminwa kwa aloi ya nikeli likiwa fuwele moja tu, lenye vijia vya kupitisha hewa ya kupozea. Anayelishika mkononi anaweza kupima mchanganyiko wa aloi hiyo. Hawezi kupima lilivyopozwa tanurini, wala kujua ni mangapi yaliharibika kabla ya hilo moja kufaa. Ujuzi huo umo mikononi mwa mafundi, na haunakiliwi kwa kompyuta.

Wizi wa nyaraka nao una mpaka wake. Mwaka 2016 mfanyabiashara wa China, Su Bin, alifungwa miezi 46 nchini Marekani kwa njama ya kuiba siri za ndege za kijeshi, zikiwamo F-22 na F-35. Mwaka mmoja kabla ya hukumu hiyo, Beijing ilikuwa imekubali kuilipa Urusi takriban dola bilioni 2 kwa Su-35 24, na wachambuzi wengi waliona kilichotamaniwa zaidi ni injini.

J-20 za karibuni sasa hutumia injini za Kichina. JF-17, iliyoundwa na China pamoja na Pakistan na kuuzwa Nigeria na Myanmar, imeingia sokoni kwa injini ya Kirusi ya RD-93, ambayo haitoki kiwandani bila Moscow kuridhia.