Sukari Haiendi Likizo



Ndugu msomaji, ikifika Desemba, sisi watu wa Kilimanjaro huwa tumeshafika nyumbani kwa moyo kabla ya kupanda basi. Mbuzi ameshatengwa, ndizi za mbege zimeshaivishwa, na watoto wanahesabu siku. Ni jambo jema. Familia zisizoonana mwaka mzima zinakaa pamoja, zinasali pamoja, waliokosana wanapatanishwa. Sitaki mtu anielewe vibaya: siandiki kupinga sikukuu. Bwana wetu mwenyewe alikaa kwenye karamu, na muujiza wake wa kwanza aliufanya harusini.

Lakini nina jambo la kukiri. Noeli moja, nikiwa likizo, baba yangu mdogo alikuwa mwenyeji wetu. Ana kisukari, na wote tulilijua hilo. Siku hiyo aliweka vidonge vyake kabatini kwa sababu alitaka kunywa mbege na wageni. Nilipomwuliza, alicheka akasema, "Frateri, leo ni sikukuu, na sukari nayo imekwenda likizo." Nami nikacheka. Si hivyo tu, mimi ndiye niliyemjazia sahani mara ya pili, nikiona namheshimu. Kila mgeni aliyeingia alikula naye na kunywa naye, siku tatu mfululizo. Tarehe 28 tulimpeleka hospitali akiwa hajitambui vizuri. Mwaka mpya ulitukuta wodini. Mungu alimjalia akapona, lakini ng'ombe aliyekuwa akiba ya ada ya shule ya watoto wake aliuzwa kulipia matibabu.

Tuna methali isemayo, mgeni njoo, mwenyeji apone. Nyumbani kwetu mwaka ule tuligeuza methali hiyo: wageni tulikuja, mwenyeji akaugua.

Tangu hapo nimejiuliza tulikosea wapi. Nadhani hatukukosea tarehe 25. Mlo mmoja wa sikukuu haumnenepeshi mtu. Tulikosea kwa kuifanya Noeli iwe mwezi mzima. Mama Kanisa ametupa Majilio, Dominika nne za kungoja na kujiandaa. Sisi katika muda huo tunakuwa tumeshaanza: sherehe ya kufunga mwaka kazini, ya kikundi cha kuweka na kukopa, ya kwaya, ya jumuiya. Noeli inapofika tumeshashiba, na baada yake zinafuata harusi, jubilei na mwaka mpya. Mtakatifu Gregori Mkuu, na baada yake Mtakatifu Thoma wa Akwino, walifundisha kwamba ulafi si kula kingi tu. Kuna kula kabla ya wakati, kula kwa gharama kubwa mno, kula kwa pupa, na kudai chakula kiandaliwe kwa anasa. Nikitazama Desemba yetu, naona zote tano zimekaa meza moja.

Sisi mafrateri tuna jaribu letu la pekee. Seminarini kengele inatupangia kila kitu: ugali na maharage kwa saa yake, michezo, kazi za mikono shambani. Tukifika nyumbani kengele inanyamaza. "Frateri amekuja" maana yake kuku mmoja anapoteza maisha. Kila nyumba ya jumuiya inataka tuonje, na tunasafirishwa kwa bodaboda hata mahali pa kutembea dakika kumi. Januari kanzu inabana, tunacheka, tunalegeza vifungo. Lakini asiyeweza kujitawala mbele ya sahani ya pilau afikirie jinsi atakavyojitawala katika mambo makubwa zaidi, akiwa paroko asiye na kengele.

Katekisimu inatufundisha, namba 2288, kwamba uhai na afya ni zawadi tulizokabidhiwa na Mungu, na namba 2290 kwamba fadhila ya kiasi inatuepusha na kila kupindukia, katika chakula, pombe, tumbaku na hata dawa. Kati ya hizo, namba 2289 inatuonya tusiuabudu mwili. Kwa hiyo sisemi tupime uzito kila asubuhi ya Oktava ya Noeli, wala tumcheke aliyenenepa. Nasema tutunze tulichokabidhiwa.

Tufanye nini basi? Kwanza, mgonjwa wa kisukari au shinikizo la damu asiache dawa zake kwa sababu ya sikukuu, na amwulize daktari kuhusu pombe mapema, kabla mbuzi hajachinjwa. Pili, tuangalie soda. Chupa ya mililita 350 ina sukari kama vijiko vidogo tisa. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi takriban gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima wa kawaida, na ingefaa zaidi isizidi 25. Soda mbili tu zimeshavuka kiasi chote. Tatu, nusu ya sahani iwe mboga za majani na kachumbari, robo nyama au maharage, robo wali au ndizi. Tusubiri kidogo kabla ya kuongeza. Nne, tuende Misa kwa miguu tunaoweza. Dakika 150 za mwendo wa haraka kwa wiki zinatosha kwa mtu mzima, na kwetu, kwa vilima vyetu, hilo si gumu.

Tano, na hapa nawaomba akina mama na akina baba wa jumuiya: karibisheni, msilazimishe. Anayesema "nimeshiba, asante" hajakudharau. Pengine ana kadi ya kliniki mfukoni asiyotaka kuisoma mbele za watu. Na chakula kinachobaki kina wenyewe. Karibu kila jumuiya ina mjane au mzee ambaye siku hiyo jiko lake halikuwashwa.

Mwaka huu tutakula tena kwa baba mdogo. Nimemwomba mama mdogo aweke jagi la maji katikati ya meza na mchicha wa kutosha, naye amekubali. Mbuzi yupo palepale. Nami kabla ya kugusa sahani yangu nitamwuliza baba mdogo kama ameshameza dawa, mbele ya wageni wote, hata akinuna.

Nawatakia Majilio mema.