Stika Ikibanduka, Tusikimbilie Kuilaumu Gundi

Lori likiharibika usiku na kuachwa pembeni mwa barabara bila taa, dereva anayekuja nyuma hutegemea stika inayoakisi mwanga kwenye tela ili alione mapema. Stika hiyo ikiwa imebanduka nusu na nusu iliyobaki imejaa vumbi, uhai wa watu uko hatarini. Ndiyo maana habari ya stika kubanduka, iwe kwenye lori, bajaji au tangi la maji, si jambo dogo. Mwenye chombo husema gundi ni feki, fundi naye husema vinaili, plastiki inayotengenezewa stika, ya siku hizi ni mbovu. Nashikilia kwamba mara nyingi kosa liko chini ya stika, kwenye uso ambao haukuandaliwa.

Gundi ya vinaili haikauki kama rangi. Ni gundi laini inayoshika kwa kukandamizwa, kisha huendelea kutambaa taratibu na kujaza vijitundu vya uso kwa saa 24 hadi 72 kabla ya kufikia nguvu yake kamili. Ikikuta vumbi, hushika vumbi. Ikikuta polishi yenye silikoni, haishiki chochote. Hata plastiki safi hazifanani: tone la maji hutanda juu ya kioo kilichosafishwa vizuri, lakini juu ya tangi la poliethilini au bampa la polipropilini hujikusanya kama kitone cha umande juu ya jani. Uso unaoyakataa maji namna hiyo huikataa na gundi.

Wapo watakaosema dawa ni kununua gundi kali zaidi. Wana haki kwa sehemu: plastiki hizo zinahitaji gundi maalumu au kupakwa praima kwanza, na vinaili ya bei rahisi husinyaa juani hata ikibandikwa vizuri. Lakini gundi kali juu ya uso mchafu hushika uchafu kwa nguvu zaidi, basi. Wengine watasema maandalizi yanakula muda na fedha. Kazi yenyewe ni kuosha kwa sabuni, kusuuza, kukausha, kupangusa kwa spiriti na kitambaa safi, na kuukausha uso kwa kitambaa cha pili kabla spiriti haijapaa. Petroli haifai, kwa kuwa inaweza kuacha mafuta. Bati lililochomwa na jua la mchana nalo lisubiri kivulini, maana gundi hunasa kabla fundi hajainyoosha stika. Rangi mpya iachwe ikomae, la sivyo mvuke wake utainua mapovu. Kona za stika zikatwe mviringo, na skwiji, kibao cha kukandamizia stika, ianzie katikati kwenda pembeni. Gharama ya hayo ni ndogo kuliko kubandika mara mbili.

Kwa hiyo mafundi waiweke kazi ya usafi waziwazi kwenye bei yao, na wateja wakubali kuilipia badala ya kuipunguza wanapopatana. Wenye malori nao wasipeleke tela kuoshwa kwa mashine ya presha kabla siku tatu hazijapita tangu stika ibandikwe. Stika ya usalama inayoanguka baada ya wiki moja haikumlinda mtu, hata kama ilinunuliwa kwa bei nafuu.