Kiunzi si Anasa

Wapo wenzetu wanaoshikilia kuwa habari za protini ndani ya seli ni anasa ya vyuo vya Ulaya, na kwamba Kiswahili tunachojifunza hapa Thongpiny kinatosha kwa soko na ofisi tu. Hoja hiyo haina mashiko, na ushahidi wangu ni ng'ombe.

Ndigana kali inaua ng'ombe wa Juba na wa Bor. Kupe humwambukiza mnyama kimelea kiitwacho Theileria parva, nacho huingia ndani ya seli nyeupe za damu, yaani askari wenyewe wa kinga.

Seli hizo haziendeshwi kwa amri ya mkubwa mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kipokezi cha seli T kinapogusa kitu kigeni, kimeng'enya ZAP-70 hubandika fosfeti kwenye LAT, protini iliyosimikwa katika utando wa seli. LAT yenyewe si kimeng'enya. Ni kiunzi: kama jukwaa la wajenzi, huwakutanisha fundi, tofali na ndoo ya saruji mahali pamoja kwa wakati mmoja. Protini nyingine huishika, hukaribiana, kalsiamu hufunguliwa, na ujumbe hufika kwenye kiini. Panya waliokosa LAT katika maabara hawakuwa na seli T zilizokomaa. Vimeng'enya vilikuwepo, kilichokosekana ni mahali pa kukutania.

Kimelea kinalijua somo hili kutuzidi. Mwaka 2002 watafiti walieleza katika jarida la Science jinsi kinavyokusanya juu ya ngozi yake vimeng'enya vya IKK, ambavyo huiamrisha seli iendelee kuishi. Kimejigeuza kiunzi! Seli huzaana kama saratani, nacho hugawanyika pamoja nayo. Dawa ya buparvakwoni ikikiua, kuzaana huko hukoma.

Mpinzani atasema mfugaji anahitaji chanjo, si nadharia. Chanjo ipo, ilibuniwa Muguga, Kenya. Lakini ni vimelea hai vinavyotunzwa katika nitrojeni ya kimiminika, na ng'ombe sharti achomwe antibayotiki papo hapo. Nani ataifikisha kwa urahisi kwenye kambi za ng'ombe? Anayetaka iliyo nyepesi zaidi hana budi kuelewa kimelea kinafanya nini ndani ya seli.

Kwa hiyo, walimu wetu, msitupe orodha ya vimeng'enya tuikariri. Tufundisheni jinsi vinavyopangwa. Nasi wanafunzi tusingoje istilahi zishuke kutoka Dar es Salaam. Kupe hatambui mpaka. Tangu nchi yetu ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, Kiswahili ndicho cha kuzungumzia na jirani juu ya ng'ombe wake na wetu. Lugha inayoweza kumuuza ng'ombe iweze pia kueleza kwa nini amekufa.