Nyumba ya Free Area: Uuze au Upangishe?

Viza imetoka, tikiti imekatwa, na ghafla kila jirani hapa Free Area anamjua mtu wa kununua nyumba yako. Tulia kwanza. Anayeuza akiwa na tikiti mkononi hupangiwa bei na mnunuzi. Tena kuna ushuru wa faida ya mauzo, ambao tangu Januari 2023 ni asilimia 15. Na ukiwa na ndoa, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inataka mwenzako akubali kwanza.

Basi upangishe? Mimi ningepangisha. Lakini nani atakushikia kodi? Wengi humwachia ndugu hati ya uwakili, nao hutia sahihi bila kuisoma. Ikisema “kushughulikia mali yangu yote”, shemeji anaweza kuiuza nyumba wewe ukiwa Boston unakoroga theluji kwa sepetu. (Shemeji wangu asinune, simsemi yeye.) Mwambie wakili aandike waziwazi: kupokea kodi, kufanya marekebisho, kumtoa mpangaji asiyelipa. Kuuza, hapana. Hati miliki yenyewe usiiache kabatini kwa mtu. Ipeleke benki kabla hujafunga sanduku.