Goma: swichi imezimwa, lakini moto ingali kwenye waya

Mwisho wa Januari 2025, vita ilipofika Goma, umeme ulikatika mujini. Kukatika kwa namna hiyo kunasukuma wakaaji kujitafutia: pano za jua, batri, jenereta. Leo nyumba moja inaweza kuwa na njia tatu za moto.

Hapo ndipo hatari inaanzia. Fundi anazima swichi kubwa, anafikiri waya imekufa, kumbe konvertiseri ya batri ingali inatoa volti 220. Multimeta ndiyo inamwonyesha ukweli, ila inataka uangalifu. Waya zake zisiwe zimechubuka. Ile nyekundu isibaki kwenye tundu ya ampea wakati wa kupima volti: hiyo ni shoti palepale. Ijaribiwe kwanza kwenye moto inayojulikana, halafu kwenye kifaa, kisha tena kwenye ile moto ya kwanza. Multimeta mbovu nayo inaonyesha sifuri.

Hata televizio iliyochomolewa, kondensateri yake inaweza kubakia na volti karibu 300.

Basi mwenye nyumba amwambie fundi njia zote za moto, mbele hajafungua kitu.