Wanaobeba mizigo ya wengine nao huchoka: wahudumu wa afya ya akili mkoani Simiyu

Kila mwaka, tarehe 10 Oktoba, ulimwengu huadhimisha Siku ya Afya ya Akili. Mwaka 2024 maadhimisho hayo yalielekezwa kwenye afya ya akili mahali pa kazi. Shirika la Afya Duniani limekwisha kueleza kwamba sonona na wasiwasi uliopindukia huupotezea ulimwengu takribani siku bilioni 12 za kazi kila mwaka. Tusikiapo hesabu hiyo, fikra zetu huenda kwenye viwanda na mabenki. Ni mara chache tunamkumbuka yule ambaye kazi yake yenyewe ni kuwasikiliza wenye sonona, yaani mnasihi, muuguzi au mhudumu wa jamii aliyeajiriwa na shirika lisilo la kiserikali. Katika makala haya tunapenda kumtazama yeye, hapa Bariadi na katika mkoa wetu wa Simiyu.

Mkoa huu ulioanzishwa mwaka 2012 una wilaya tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 2, wengi wao wakiishi kwa pamba, nafaka na mifugo. Mgonjwa wa akili aliyezidiwa huenda akahitaji kupelekwa Bugando jijini Mwanza, au Mirembe jijini Dodoma, safari ya kupitia Shinyanga, Nzega na Singida. Lakini kabla ya kufikiria hospitali, familia nyingi hubisha kwanza hodi kwa mganga, kwa sababu ugonjwa wa akili bado huhesabiwa kuwa kurogwa, laana au pepo. Basi mtumishi wa shirika afikapo kijijini, hakuti mgonjwa peke yake. Hukuta pia ukoo uliokwisha kuuza ng'ombe kadhaa, majirani wenye hofu, na mama aliyechoka kulia.

Tuifikirie siku yake moja. Anatoka mjini asubuhi kwa pikipiki. Anamkuta kijana aliyefungwa kamba ili asitoroke, anawasihi ndugu wamfungue, anawaeleza habari za dawa, na pengine dawa hizo hazipo katika zahanati iliyo jirani. Mchana anamsikiliza mjane anayesema hataki tena kuishi. Jioni anaandika taarifa ya mradi: amewafikia walengwa wangapi, wanawake wangapi, vijana wangapi. Taarifa hiyo haina mahali pa kuandika kwamba yeye mwenyewe usiku huo hatapata usingizi. Na mitaani huitwa kwa mzaha daktari wa vichaa, hata kumweleza jirani uchovu wake akaona aibu.

Juu ya mzigo huo huongezeka mwingine, nao ni mashaka ya ajira. Mashirika mengi ya namna hii huendeshwa kwa ruzuku, na mkataba wa mfanyakazi hufuata umri wa mradi. Mwezi Januari 2025, Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, mashirika mengi ya afya katika Afrika Mashariki yalilazimika kupunguza watumishi au kufunga shughuli kwa ghafla. Hapo anayeumia si mfanyakazi tu. Mgonjwa aliyechukua miezi mingi kumwamini mtu mmoja huambiwa kwamba mtu huyo hayupo tena, naye hulazimika kuanza kusimulia upya maumivu yake mbele ya mgeni, au hunyamaza kabisa.

Hapa tunapaswa kulitazama kwa unyofu neno tunalolipenda, neno wito. Kuwahudumia wagonjwa wa akili ni wito kweli, na wengi huifanya kazi hiyo kwa upendo ambao mshahara hauwezi kuulipa. Lakini neno hilo takatifu laweza kutumiwa vibaya, pale mfanyakazi anapoomba likizo akaambiwa kwamba wagonjwa wanamhitaji, au anapodai posho ya safari akaulizwa iko wapi sadaka yake. Mafundisho Jamii ya Kanisa hayakubali jambo hili. Papa Leo XIII, katika Waraka wa Rerum Novarum wa mwaka 1891, alitetea ujira wa haki na mapumziko ya mfanyakazi. Papa Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu. Nayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa juma, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila juma, na likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo. Haki hizo hazikomi kwa sababu mwajiri ana nia njema.

Historia ya Kanisa yatupa fundisho lingine. Shirika la Mabruda wa Upendo, lililoanzishwa Ubelgiji mwaka 1807, limewahudumia wagonjwa wa akili kwa vizazi vingi, na katika kanda yetu linafahamika kwa hospitali ya Ndera nchini Rwanda. Bruda anayetoka wodini jioni hurudi katika jumuiya, penye meza, sala ya pamoja, na mafungo ya kila mwaka. Mfanyakazi mlei hutoka katika mateso yale yale, akarudi katika chumba cha kupanga, peke yake na simu yake. Tumemwachia mlei kazi ya mtawa bila kumpa jumuiya ya mtawa.

Yethro alipomwona Musa akiwaamua watu tangu asubuhi hadi jioni, hakumsifu kwa bidii yake. Alimwonya kwamba atadhoofika, yeye pamoja na watu wake, akamshauri agawe kazi. Viongozi wa mashirika, yakiwemo yale ya Kanisa, wanaweza kuanzia hapo: kupunguza idadi ya wagonjwa kwa kila mhudumu, kutenga muda wa mhudumu mwenyewe kusikilizwa na mwenye uzoefu zaidi, na kuwaeleza wafadhili waziwazi kwamba gharama hiyo ni sehemu ya tiba.

Nasi waamini tuna sehemu yetu. Mwezi Novemba 2021 Papa Francisko aliliombea kundi la wenye sonona na waliolemewa na uchovu wa kazi. Nia hiyo iingie katika jumuiya zetu ndogo ndogo. Tumwulize jirani yetu anayefanya kazi hiyo anaendeleaje, na tuwe tayari kulisikia jibu hata likiwa refu. Wazee wetu wa Usukuma walilima kwa vikundi, ngoma ikipigwa na majembe yakipanda na kushuka pamoja, na kutoka shambani humo tukapata bugobogobo. Anayelima shamba la mateso ya wenzake asiachwe alime peke yake.