DJ, NEIL HAKUWA PACHA WA MTU: ACHENI KUTUHARIBIA MUVI ZA KURUDI NYUMA

Wadau, leo naomba tuweke pembeni mambo ya nani kaachwa na nani kavaa nini. Kuna kitu kinanikera muda mrefu na leo nakisema. Jina la mtu sitaji, wenyewe wakisoma watajijua. Naongelea ma-DJ wanaotafsiri muvi, hasa wanapokutana na zile muvi za watu kurudi nyuma kwenye wakati.

Kuna mmoja sauti yake unaisikia kuanzia Mwanjelwa mpaka Mlandege. Saluni yupo, kwenye basi yupo, banda la video ndo usiseme. Ni mtu mwenye kipaji, hilo sipingi. Akitafsiri muvi ya kivita unacheka mpaka mbavu zinauma. Sasa juzi nimekaa kwenye banda moja hapa Mbeya, kiingilio mia tano, watu wamejaa, ikawekwa Tenet. Hii ni muvi ya Christopher Nolan, ilitoka mwaka 2020, steringi ni John David Washington, mtoto wa Denzel. Muvi yenyewe ina saa mbili na nusu. Ya DJ wetu ilikuwa na saa moja na nusu tu. Hiyo saa nzima imeenda wapi? Imekatwa. Na alichokikata ni pale mwanzo ambapo yule dada mwanasayansi anamwonyesha steringi jinsi risasi inavyoruka kutoka mezani na kurudi mkononi. Hapo ndo muvi nzima inaelezwa. Ukikata pale ni sawa na mtu anakufundisha draft halafu hakwambii kete zinatembeaje.

Baada ya kukata ikabidi azibe pengo. Risasi inayotoka ukutani na kurudi kwenye bunduki akasema ni "dawa ya kienyeji ya Warusi". Yule mtu wa mask anayepigana na steringi kule Oslo akasema ni mlinzi. Na Neil, jamani, Neil! Akasema ni pacha wa steringi aliyepotea utotoni. Neil ni Robert Pattinson, Mzungu mweupe. Steringi ni Mmarekani mweusi. Pacha wa wapi hao?

Watu walicheka, sawa. Lakini mwisho wanatoka nje, mzee mmoja nyuma yangu anasema, "Hizi muvi za siku hizi wametungia wasomi." Mwenzake anamjibu, "Sisi hizi haziingii kichwani." Hapo ndo niliumia. Mtu katoa hela yake, kakaa, kapewa takataka, halafu anaondoka akiamini tatizo ni kichwa chake.

Na kuna upande wa pili ambao nao sitaji jina. Jamaa mmoja wa mjini, ana wafuasi wengi, kazi yake kuchambua muvi. Aliandika kwamba Tenet ni ya watu wenye upeo, watu wa mikoani waachiwe kung fu. Kaka, nimesoma uchambuzi wako wote. Maneno mengi, fizikia imejaa, lakini hakuna sehemu hata moja umeeleza kwa nini yule mtu wa mask alikuwa anapigana kinyumenyume. Mtu anayeelewa kitu anaweza kukieleza. Wewe na DJ mko timu moja, tofauti ni kwamba DJ anachekesha.

Sasa mi ni mtu wa kidato cha nne, fizikia yangu mnaijua ilivyo. Nitaieleza hiyo muvi kwa basi. (Kama hujaiangalia, shauri yako, ina miaka kadhaa sasa.)

Chukua barabara ya Mbeya kwenda Iringa. Umetoka Mbeya, Uyole ni Jumatatu, Chimala ni Jumanne, Makambako ni Alhamisi, Mafinga ni Ijumaa. Barabara ndo kalenda. Sisi wote tumepanda basi linaloelekea Iringa na hakuna anayeshuka. Ile mashine ya kuzunguka kwenye Tenet ni kituo kimoja tu, tuseme iko Mafinga. Steringi anashuka pale, anavuka barabara, anapanda basi linalorudi Mbeya. Basi. Hakuna dawa ya kienyeji.

Sasa angalia kinachotokea. Akirudi atapita Makambako kwanza, yaani Alhamisi, ndo aje Chimala, yaani Jumanne. Siku zinakuja kwa kurudi nyuma. Lakini saa yake ya mkononi haijageuka. Njaa inamuuma vilevile, ndevu zinaota, chaji ya simu inaisha. Kwake yeye anaenda mbele, kalenda ndo inarudi. Tena hawezi kuruka. Akitaka kufika Jumatatu lazima akae kwenye siti, apite kila kituo. Ndo maana kwenye muvi wanajifungia kwenye kontena siku kadhaa na yule mama aliyepigwa risasi: wako kwenye basi, wanasubiri kufika. Na hewa ya nje hawawezi kuivuta kwa sababu nayo inaenda upande mwingine, ndo maana wanavaa mask. Mask ni alama ya kwamba huyu yuko kwenye basi la kurudi. Ukilijua hilo tu, nusu ya muvi imeisha.

Haya, uko kwenye basi la kurudi, umefika Igawa, unachungulia dirishani. Basi la kwenda Iringa linapishana na lenu. Kwenye siti ya dirishani kakaa nani? Ni wewe! Wewe wa Jumatano, unaenda zako, hujui lolote. Huyo ndo mtu wa mask wa Oslo. Steringi alikuwa anapigana na yeye mwenyewe aliyekuwa anarudi. Kwa nini ngumi zinaonekana za ajabu? Kwa sababu mmoja anaenda na mwingine anarudi. Na Neil aliyemvua mwingine ile mask akaona sura, akanyamaza, akamwachia akimbie. Angalia tena ile sehemu. Jamaa kajua toka mwanzo na hakusema.

Ndo nije kwenye kilichonifanya niandike haya.

Neil siyo pacha. Neil ni rafiki. Steringi ndiye aliyemuajiri, lakini huko mbele, miaka ambayo steringi mwenyewe hajaifikia. Kwa hiyo Neil amepanda kutoka Iringa na steringi amepanda kutoka Mbeya. Neil amekuja na miaka ya urafiki kichwani, anajua mpaka jamaa anapenda kunywa nini, na steringi anamwona kama mtu aliyekutana naye wiki jana. Mwisho wa muvi wanaagana uwanjani. Kwa steringi urafiki ndo unaanza. Kwa Neil ndo umeisha. Na ile kamba nyekundu kwenye begi la Neil tuliiona dakika chache nyuma, kwenye mwili wa mtu aliyekufa getini kule chini ya ardhi, aliyekula risasi ili steringi apite. Yaani Neil anaagana, anatabasamu, halafu anarudi kwenye mashine kwenda kufa kifo ambacho sisi tumeshakiona. Steringi anaiona ile kamba, anaelewa, machozi yanamlenga, na hawezi kumzuia.

DJ wetu hapo alisemaje? "Neil akaenda zake nyumbani kupumzika."

Kupumzika! Mtu anaenda kufa kwa ajili ya rafiki yake, wewe unasema kupumzika. Watu wangelia pale bandani. Nawajua watu wa Mbeya, wamelia kwenye muvi za Kihindi mpaka mwenye banda akawasha taa. Uliwanyima kilio chao kwa sababu hukutaka kuangalia muvi mara mbili.

Msiniambie watu hawawezi. Terminator ya mwaka 1984 imeangaliwa na kila mtu. Mle mtoto anamtuma mtu arudi nyuma akamlinde mama yake, na huyo mtu ndo anakuja kuwa baba wa huyo mtoto. Hiyo ni ngumu kuliko Tenet! Na bibi yangu Iringa aliielewa, akasema tu, "Basi huyo kijana kamchagulia mama yake mume." Kamaliza.

Na ile shida kubwa ya muvi hizi, ya kwamba ukirudi nyuma ukabadilisha kitu unaharibu hesabu, nayo haihitaji chuo. Nenda Kalenga pale karibu na Iringa mjini, kwenye makumbusho. Fuvu la Mtwa Mkwawa lipo. Alikufa mwaka 1898, alijipiga risasi ili Wajerumani wasimshike akiwa hai, wakachukua kichwa, na fuvu lilirudishwa mwaka 1954. Sasa chukua kijana wa Kihehe, kaliona lile fuvu, uchungu ukamshika, akapata mashine, akarudi 1898 akamwokoa Mtwa. Vizuri. Lakini ukimwokoa, hakuna kichwa kilichochukuliwa, hakuna fuvu lililorudishwa, na Kalenga hakuna cha kuona. Sasa yule kijana alipata uchungu wapi? Nani alimtuma?

Hapo muvi zinagawanyika, na ndo kitu cha kwanza DJ anatakiwa awaambie watu. Kuna muvi zinazosema unaweza kubadilisha, kama Back to the Future, ambapo dogo akiharibu mapenzi ya wazazi wake, ndugu zake wanaanza kufutika kwenye picha. Na kuna zinazosema huwezi, ukirudi unakuta ulikuwepo toka mwanzo. Tenet ni hiyo ya pili. Yule kijana wa Kalenga angefika 1898 na angegundua kwamba ule moshi uliowaonyesha Wajerumani njia ni moto aliouwasha yeye akiota baridi. (Moshi nimeutunga mimi, msije mkauweka kwenye historia.)

Tena Kiswahili kinafaa kwa mambo haya. Tuna juzi na mtondo, tuna mtondogoo mpaka siku ya nne mbele. Shuleni tulifundishwa -nge- na -ngali-, mtaani tunazichanganya, lakini kazi zake ni tofauti. Ukisema "angemwokoa" nasikia bado kuna nafasi. Ukisema "angalimwokoa" najua ndo basi tena, imepita. Back to the Future ni muvi ya -nge-. Tenet ni muvi ya -ngali-. DJ, hicho ni kifaa chako cha kazi, unakiacha ndani ya boksi unakimbilia dawa ya kienyeji.

Najua mtamtetea. Mtasema jamaa anapewa muvi leo, kesho inatakiwa iwe mtaani, anayemlipa hataki kusikia habari ya kuangalia mara mbili. Hilo nalielewa. Mtasema watu wanataka kucheka. Cheka, nani kakataza? Lufufu alichekesha na ulitoka na hadithi mkononi, ndo maana jina lake linatajwa mpaka leo. Mtasema pia hizo muvi zenyewe ni za wizi. Hakimiliki naiacha, hiyo ina siku yake. Lakini mia tano yangu siyo ya wizi, nimeitoa halali, na watu wa mikoani ndo tunaowaweka mjini na sauti zenu.

Kazi yenyewe siyo kubwa. Ukianza, waambie watu muvi hii ni ya kubadilika au ya kutobadilika. Kila mtu akitokea, sema yuko basi la kwenda au la kurudi. Mask, la kurudi. Kwenye vita ya mwisho ni rahisi zaidi, wamewekewa rangi kabisa: wekundu wanaenda, wa bluu wanarudi. Mtoto wa darasa la tatu anafuata. Na usikate mwanzo.

Halafu kuna ile Back to the Future yako ya zamani, bado inazunguka kwenye flashi hapa Mwanjelwa. Saa ya mnara inapigwa na radi 10:04 usiku, tarehe 12 Novemba 1955. Wewe ukasema saa kumi na dakika nne usiku. Bandani watu wakaanza kuulizana hao wanafunzi wanacheza muziki shuleni mpaka alfajiri wazazi wao wako wapi, na mpaka muvi inaisha walikuwa bado wanabishana hilo. Muvi nzima inategemea radi ipige dakika ileile gari linapopita, na wewe umeichelewesha kwa saa sita. Ni saa nne na dakika nne. Karekodi upya kale kasehemu, dakika mbili tu, na flashi naleta mwenyewe.